Mtu akifuata mkumbo kutenda ubaya, lawama ni ya nani?

Mdadisi ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, naomba tulijadili kwa utulivu jambo ambalo limenisumbua kwa muda mrefu. Tumelelewa tukiamini kwamba mtu mzima mwenye akili timamu ana dhamiri, na kwa hiyo akitenda ubaya, au akinyamaza ubaya unapotendeka mbele ya macho yake, anapaswa kuubeba mzigo huo yeye mwenyewe. Lakini tafiti za saikolojia zimeitikisa imani hiyo. Mwaka 1973 John Darley na Daniel Batson walichapisha utafiti walioufanya kwa wanafunzi wa seminari huko Princeton, Marekani. Kila mwanafunzi alitumwa peke yake kwenda jengo la pili kutoa hotuba fupi, na njiani alimkuta mtu amejikunyata mlangoni, akikohoa na kugumia. Miongoni mwa walioambiwa kwamba wana muda wa kutosha, asilimia 63 walijitokeza kumsaidia. Miongoni mwa walioambiwa kwamba wamekwisha kuchelewa, ni asilimia 10 tu. Baadhi yao walikuwa wakienda kuzungumzia habari ya Msamaria mwema, na bado watafiti waliona kwamba haraka ndiyo iliyoamua zaidi nani asimame na nani apite.

Sitaki turudi kwenye ule ubishi wa zamani wa kama mwanadamu amezaliwa mwema au mwovu, kwa maana hata tukiumaliza, swali langu litabaki palepale. Ikiwa jambo dogo kama kuchelewa linaweza kumfanya mtu mwema ampite mgonjwa, tuna haki gani ya kumlaumu yule aliyezungukwa na wakubwa wanaomwamuru na wenzake wanaonyamaza? Na tukisema hana lawama, je, si tutakuwa tumewapa wote kisingizio kimoja?

Wakili Mstaafu amejibu:

Ndugu Mdadisi, swali lako sheria imekutana nalo muda mrefu, na jibu lake linastahili kusikilizwa kabla hatujaingia kwenye falsafa. Katika kesi za Nuremberg za mwaka 1945 na 1946, ambako viongozi wa Ujerumani ya Kinazi walishtakiwa baada ya Vita Kuu ya Pili, washtakiwa wengi walijitetea kwamba walitekeleza tu amri za waliokuwa juu yao. Hati iliyounda mahakama ile ilikuwa imekwisha kuufunga mlango huo: amri ya mkubwa haimwondolei mtu hatia, ingawa mahakama inaweza kuizingatia katika kupunguza adhabu. Mwaka 1950 Tume ya Sheria ya Kimataifa ya Umoja wa Mataifa iliieleza kanuni hiyo upya na kuiwekea sharti moja, kwamba mtu aliyetii amri atawajibika ilimradi alikuwa na nafasi halisi ya kuchagua kimaadili.

Naomba uzitazame hatua hizo mbili kwa makini, kwa sababu wengi huzichanganya. Kuuliza kama mtu ana hatia ni jambo moja, na kuuliza hatia hiyo ina uzito gani ni jambo jingine. Shinikizo la wakubwa, hofu na mkumbo vinaingia kwenye mizani katika swali la pili. Katika swali la kwanza vinafua dafu pale tu vilipomfungia mtu kila njia. Wanafunzi wa seminari uliowataja hawakuwa wamefungiwa njia. Walikuwa na haraka.

Kuhusu anayenyamaza au kupita tu, sheria zenyewe hazikubaliani. Ufaransa humwadhibu mtu aliyeweza kumsaidia aliye hatarini, bila kujihatarisha yeye wala wengine, na akaacha kwa makusudi. Kwa kawaida adhabu inaweza kufika kifungo cha miaka 5 na faini ya euro 75,000. Nchi nyingi zilizorithi sheria za Kiingereza hazina wajibu wa jumla wa kumwokoa mtu usiyemjua. Kwa maoni yangu Ufaransa iko karibu zaidi na haki.

Fikra Pevu amejibu:

Nakubaliana na Wakili, ila nadhani tafiti zenyewe zimesomwa nusu nusu. Chukueni jaribio linalotajwa kuliko yote, la mwanasaikolojia Stanley Milgram, lililoanza mwaka 1961 katika Chuo Kikuu cha Yale. Mshiriki aliketishwa mbele ya mashine yenye swichi 30 zilizopangwa kwa mstari, ya kwanza volti 15 na ya mwisho volti 450, akaambiwa ampige shoti ya umeme mtu aliye chumba cha pili kila anapokosea jibu, na kila kosa swichi moja mbele. Umeme haukuwapo na aliyekuwa akilalamika alikuwa mshirika wa mtafiti, lakini mshiriki hakuelezwa hilo. Waliofika volti 450 walikuwa 26 kati ya 40. Wengi wao walitokwa na jasho, wakatetemeka, wakageuka kumwomba msimamizi asitishe zoezi, naye akawajibu kwa sauti tulivu kwamba ni lazima waendelee. Wapo waliohoji baadaye kama washiriki wote waliamini kwamba umeme ulikuwa wa kweli, na hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo jasho lile si la mtu anayejua kwamba anachezewa.

Watu huishia hapo, wakahitimisha kwamba mwanadamu ni mtumwa wa mazingira. Lakini Milgram alilirudia jaribio kwa namna nyingi, na katika mojawapo alimweka mshiriki pamoja na wenzake wawili ambao, bila yeye kujua, walikuwa wamepangwa kukataa. Wa kwanza aliinuka kwenye volti 150, wa pili kwenye volti 210. Safari hii waliofika mwisho walikuwa 4 tu kati ya 40.

Mashine ni ileile na msimamizi ni yuleyule. Kilichobadilika ni kwamba watu wawili wa kawaida walikataa. Maana yake ni kwamba kila mmoja wetu ni sehemu ya mazingira ya mwenzake. Anayesema kwamba alinyamaza kwa sababu wote walinyamaza anasahau kwamba yeye naye alikuwa miongoni mwa hao wote, na kwamba pembeni yake huenda alikuwapo mtu aliyekuwa akimtazama yeye ili ajue la kufanya. Kwa hiyo, ndugu Mdadisi, tafiti hizi hazimpunguzii mtu wajibu, zinamwongezea.

Sauti ya Chini amejibu:

Nimesoma kwa heshima, lakini naona mnazungumza kana kwamba watu wote wamesimama kwenye uwanja sawa. Mtu anayelisha familia kwa kazi ambayo mkubwa wake anaweza kuifuta kwa sentensi moja hawezi kupimwa kwa kipimo cha mtu mwenye cheo na akiba. Tukiweka mkazo wote kwa mtu mmoja mmoja, waliobuni mfumo mbovu watanawa mikono, na wa chini kabisa ndiye atakayetwishwa mzigo. Tumeona hivyo katika mauaji ya My Lai, Vietnam, tarehe 16 Machi 1968. Mamia ya raia waliuawa na askari wa Marekani, ukafanyika uchunguzi, wakashtakiwa wanajeshi kadhaa, na mwisho aliyetiwa hatiani ni luteni mmoja tu, William Calley. Je, ndiye aliyeijenga hali ile peke yake?

Na rubani Hugh Thompson, aliyetua helikopta kati ya askari wenzake na wanakijiji waliokuwa wakikimbia, akawaagiza wafanyakazi wake wawafyatulie risasi Wamarekani wenzao iwapo wangeendelea kuua, alisubiri hadi mwaka 1998 kupewa nishani kwa tendo hilo. Kabla ya hapo alitukanwa na kutishiwa maisha. Jamii inayomlipa mwema namna hiyo isishangae watu wakinyamaza.

Fikra Pevu amejibu:

Ndugu Sauti ya Chini, hoja yako kuhusu waliobuni mfumo naipokea yote, na ningependa hukumu nyingi zaidi zingefika juu. Lakini lawama haigawanywi kama urithi, kwamba fungu la mmoja likikua la mwenzake linapungua. Aliyetoa amri anaweza kuwa na hatia kamili, na aliyeitekeleza akawa na yake. Isitoshe, mfano uliouchagua una upande mwingine. Asubuhi ile baadhi ya askari wa miguu, wasio na cheo wala helikopta, nao walikataa kufyatua risasi. Hawakuyazuia mauaji, na sitaki kuwapamba kupita walichofanya, kwa kuwa kukataa kuuchafua mkono wako na kuuzuia mkono wa mwingine ni ngazi mbili tofauti. Thompson alikuwa na uwezo wa kufika ngazi ya pili, wao ya kwanza. Kila mmoja alipimwa kwa kile kilichokuwa mkononi mwake, na hicho ndicho kipimo ninachokitetea.

Mdadisi amejibu:

Nawashukuru wote. Tofauti aliyoionyesha Wakili kati ya kuwapo kwa hatia na uzito wake imenisaidia sana, na lile la kila mtu kuwa sehemu ya mazingira ya mwenzake sikuwahi kulifikiria hivyo. Bado nina wasiwasi mmoja. Wengi wetu hatutawekwa mbele ya mashine ya umeme wala kijiji kinachoteketezwa. Tutakaa kwenye kikao ambamo mtu asiyekuwapo anasingiziwa, wote wanatazama meza, na uamuzi unapita. Hapo hakuna wa kutua na helikopta. Mtu afanye nini?

Wakili Mstaafu amejibu:

Aanze kwa kuuliza, kabla hata hajapinga. Ushahidi uko wapi? Mhusika ameelezwa tuhuma hizi? Nani hasa anapendekeza hatua hii? Maswali ya namna hiyo hayahitaji ushujaa mkubwa, na mara nyingi humlazimisha mtu mmoja ajitokeze kuwa mwenye jambo, ilhali uonevu wa vikaoni huponea kwenye kutokuwa na mwenyewe. Akishindwa kuubadilisha uamuzi, aombe kwamba pingamizi lake liandikwe kwenye kumbukumbu za kikao, jina lake likiwa kando yake. Nimesoma kumbukumbu nyingi za vikao katika kazi yangu, na pale palipoandikwa pingamizi la mtu mmoja, mara kadhaa nilikuta kwenye kikao kilichofuata mapingamizi mawili au matatu zaidi juu ya jambo lilelile.