Kompyuta ya mezani haiioni ruta ingawa taa ya waya inawaka

Swali

Habari za wakati huu, ndugu zangu. Kompyuta yangu ya mezani inatumia Windows 10 na imekuwa ikiunganishwa na ruta kwa waya kwa muda mrefu bila matatizo, lakini tangu juzi inaonyesha alama ya tahadhari na kudai kwamba mtandao hautambuliki. Simu mbili za humu ndani zinapata intaneti kwa Wi-Fi kupitia ruta hiyohiyo, kwa hiyo sidhani kwamba kosa ni la mtoa huduma. Nimezima ruta na kuiwasha tena, nimebadilisha waya, nimehamia tundu jingine, na taa ndogo iliyo kando ya tundu la kompyuta bado inapepesa kama kawaida. Nilipoandika amri ya ipconfig, inayoonyesha namba ya kompyuta kwenye mtandao, nilikuta anwani inayoanza na 169.254, ilhali za simu zinaanza na 192.168.1. Nianzie wapi?

Jibu la kwanza

Chukua kijiti chembamba, bonyeza kile kitufe kilichojificha nyuma ya ruta kwa sekunde kumi hivi, kisha uiache ijiwashe upya. Mimi hufanya hivyo kila mara.

Jibu la pili

Samahani kwa aliyetangulia, lakini naomba kitufe hicho usikiguse kwa sasa, kwa sababu kinafuta mipangilio yote ya ruta, pamoja na ile ya mtoa huduma, na unaweza kujikuta hata simu zimekosa intaneti.

Anwani uliyoikuta inaeleza mengi. Kompyuta inapowashwa hutuma ombi la kupewa anwani, na ruta ndiyo inayopaswa kujibu kwa utaratibu unaoitwa DHCP. Isipopata jibu, Windows hujipa yenyewe anwani ya kubahatisha kati ya zile zinazoanza na 169.254, ambazo haziwezi kukufikisha kwenye intaneti. Kwa hiyo ama ombi halifiki kwenye ruta, ama jibu halirudi. Taa ya tundu isikuridhishe, maana inathibitisha tu kwamba vifaa viwili vimeunganika kwa umeme.

Fanya jaribio hili. Ingia kwenye mipangilio ya kadi ya mtandao, uiandikie anwani kwa mkono, kwa mfano 192.168.1.200 iwapo hakuna kifaa kingine kinachoitumia, na kinyago (namba inayoonyesha ni anwani zipi ziko kwenye mtandao mmoja) cha 255.255.255.0. Kisha fungua dirisha la amri uandike ping, amri inayopima kama kifaa kingine kinajibu, ikifuatiwa na anwani ya ruta, ambayo kwa kawaida ya namba zako ni 192.168.1.1, halafu mara moja uandike arp -a, inayoorodhesha vifaa ambavyo kompyuta imevitambua kwenye mtandao wa ndani. Tuletee matokeo ya amri zote mbili.

Muulizaji

Nashukuru sana. Ping imeshindwa mara zote nne. Hata hivyo, kwenye arp -a naona mstari wenye 192.168.1.1, na mbele yake kuna jozi sita za herufi na tarakimu, ambazo nimezilinganisha na kibandiko kilicho chini ya ruta nikakuta ni zilezile.

Jibu la pili

Hapo umepata jambo kubwa. Jozi hizo ni anwani ya kimaumbile ya ruta, yaani utambulisho iliopewa kiwandani, na kompyuta isingeweza kuijua kama ruta isingeijibu. Maana yake waya ni mzima, tundu ni zima, na kadi inatuma na kupokea. Ila kuna kitu ndani ya kompyuta kinachoruhusu mazungumzo hayo ya awali na kuzuia mengine yote, yakiwemo ya DHCP. Je, hivi karibuni umeweka au kuondoa programu ya kuzuia virusi?

Muulizaji

Naam, niliondoa moja siku hiyohiyo, baada ya muda wake wa majaribio kwisha. Sikuihusisha kabisa na tatizo hili.

Jibu la tatu

Programu za aina hiyo wakati mwingine huacha kichujio chake, yaani kipande kinachokagua data inayopita, kikiwa kimeshikamana na kadi ya mtandao hata baada ya kuondolewa. Fungua sifa za kadi, utaona orodha ya vipengele vyenye alama ya vema. Kama kuna chenye jina la programu hiyo, kiondolee alama. Baada ya hapo tumia kifaa cha kusafishia ambacho watengenezaji wengi wa programu hizo hukitoa bure, ukikipakua kwa simu, kisha uwashe kompyuta upya. Kuweka upya mtandao wote kupitia mipangilio ya Windows kuwe hatua ya mwisho, kwani hufuta pia nywila za Wi-Fi zilizohifadhiwa.

Muulizaji

Kichujio nilikikuta, nimekiondoa na kusafisha mabaki, na sasa ping inajibiwa chini ya milisekunde moja. Nilibaki nikishangaa kwamba kurasa bado hazifunguki, hadi nilipokumbuka kwamba ile anwani niliyoandika kwa mkono ilikuwa bado ipo, bila lango (anwani ya ruta ya kupitia kwenda intaneti) wala DNS (huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani). Nimeirudisha kwenye hali ya kujipatia yenyewe, na ruta imeipa kompyuta 192.168.1.7.