Nimerudia "Shades of Gray" ya Star Trek, hasira zimenizidi

Wakuu, nimevumilia nimeshindwa.

Naiangalia upya Star Trek: The Next Generation, tamthilia ya runinga ya Kimarekani ya safari za angani, toka mwanzo, ile ya 1987, sehemu moja moja bila kuruka. Nilionywa mapema kwamba nikifika mwisho wa msimu wa pili, ile sehemu ya 22, "Shades of Gray", niipite kama siioni. Nikajifanya mbishi. Nilipoiona mara ya kwanza miaka hiyo, kilichonibakia kichwani ni ule mmea tu, unaomchoma Riker, msaidizi wa nahodha, mguuni msituni halafu vijidudu vyake vinapanda taratibu kuelekea kwenye ubongo. Nikajisemea, yenye kitu cha kutisha hivyo haiwezi kuwa mbovu kihivyo. Jana nimeimaliza. Kumbe kumbukumbu yangu ilikuwa inanisitiri.

Mwanzo mzuri, hilo nawapa. Mitambo inagoma kumpandisha kwenye chombo chao cha angani kwa sababu ya vijidudu, na Riker bado anatania: babu yake aliwahi kuumwa na nyoka, na baada ya siku tatu za maumivu makali, nyoka akafa. Nikacheka peke yangu. Halafu wanamlaza kitandani, wanamchomeka sindano kichwani za kuuchangamsha ubongo, na hapo ndipo msiba unapoanza.

Kamera inamsogelea usoni. Macho kayafumba. Picha inafifia, unaletewa kipande cha sehemu ya zamani. Kikiisha tunarudi kitandani, Dk. Pulaski anasoma mashine, mshauri wa chombo Troi anakunja uso, kamera inasogea tena, kiporo kingine hicho. Na kingine. Ilifika mahali nikiona kamera inaanza kusogea tu nainuka kwenda kunywa maji, nikirudi sijapitwa na kitu.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba wazo walikuwa nalo. Kumbukumbu tamu zinavilisha vile vijidudu, chungu zinavirudisha nyuma. Hebu litafakarini hilo! Daktari hana dawa nyingine ila kumtesa mgonjwa wake, amrudishe kwenye siku mbaya kuliko zote alizowahi kuishi, na pembeni amesimama Troi, mwanamke aliyewahi kupendana naye, ambaye uwezo wake ni kuhisi wanachohisi wengine. Hiyo ni tamthilia nzima ndani ya chumba kimoja. Wao wakachukua kifo cha Tasha Yar, mwenzao aliyeuawa msimu wa kwanza, wakakikatakata, wakampa Riker kama kidonge. Hakuna anayemuuliza amejionea nini upya, na Troi hapewi hata mazungumzo ya maana ya kueleza kilichompata yeye mwenyewe. Mwishoni wanakurundikia ngumi na milipuko ya haraka haraka, jamaa anafumbua macho, kapona, msimu umeisha. Kwaherini.

Najua mtakuja na ngonjera za bajeti. Nazijua zote. Mgomo wa waandishi wa 1988 ulidumu miezi mitano, msimu ukapungua toka sehemu 26 hadi 22, na fedha zilikuwa zimetafunwa na sehemu kubwa kubwa kama "Q Who", ile iliyotuletea Borg, wale maadui nusu-mashine. Hii ikapigwa kwa siku tatu tu. Sawa. Lakini msimu huohuo walitupa "The Measure of a Man", watu wanabishana mahakamani kama Data, afisa wa chombo ambaye ni roboti, ni mali au ni nafsi yenye haki zake. Hakuna vita ya angani mle, ni watu na maneno, na mpaka leo nikiiona nasisimka. Kwa hiyo msiniambie hela ndiyo iliyokosekana. Maurice Hurley, mmoja wa walioiandika, baadaye alikiri mwenyewe kuwa ilikuwa mbaya kabisa na lengo lilikuwa kuokoa fedha. Sasa nyie mnaoitetea mnamtetea nani?

Na wangeitupia katikati ya msimu ningenyamaza. Kufungia msimu! Mtu wa 1989 alisubiri toka Julai hadi Septemba akiwa na ladha hiyo mdomoni.

Leo usiku naanza msimu wa tatu. Atakayekuja hapa na "mbona si mbaya hivyo", kwanza anitajie, bila kwenda kuchungulia, tukio moja jipya analolikumbuka kuanzia pale sindano zinapoingia kichwani. Data na mhandisi Geordi kushuka kutafuta ule mmea sihesabu, hiyo ni dakika chache tu.