Tupeane uzoefu: mbuga ipi ya Marekani inafaa kwenda kuona baisani kwa gari?

Wakuu, mama yangu anakuja kutoka Moshi mwezi wa nane. Tangu nimwonyeshe picha ya baisani, yule nyati wa huku mwenye nundu na manyoya mazito mpaka kidevuni, amesema harudi nyumbani hajamwona. Tunatoka Minneapolis kwa gari, watu wazima watatu na watoto wawili. Magoti ya mama hayamruhusu kutembea mbali. Nimekwama kati ya Yellowstone, Custer na Theodore Roosevelt. Mliofika, nisaidieni.

Mdau, Denver
Mkuu, Yellowstone nimekwenda mara mbili, zote Agosti, na sijaona kitu kama kile. Huo ndio msimu wa kupandana. Tulifika Hayden Valley alfajiri, ukungu bado umelala juu ya mto, tukasikia madume wananguruma kabla hatujawaona. Kisha wawili wakagongana vichwa na vumbi likawafunika. Mwanangu alinishika mkono hakuuachia.

Ni mahali pekee Marekani ambapo baisani hawajawahi kutoweka tangu enzi za kale. Bara hili lilikuwa na mamilioni yao. Wawindaji wakawamaliza, hata mwanzoni mwa karne ya 20 Yellowstone ikabakiwa na dazani mbili tu hivi. Leo ni maelfu. Ukilijua hilo, kundi linalovuka barabara mbele ya gari lako unalitazama kwa macho mengine.

Ila niseme kweli: mbuga ni kubwa mno, na foleni za Agosti zinachosha. Tulisimama karibu saa nzima baisani wakipita katikati ya magari. Kutoka Minneapolis panga siku mbili za kwenda tu.

Mdau, Omaha
Kwa mzazi mwenye magoti, nenda Custer, South Dakota. Kuna barabara inaitwa Wildlife Loop, maili 18, na kundi lina baisani zaidi ya 1,000. Mama mkwe wangu hakushuka kwenye gari hata mara moja, na aliwaona na ndama wao kwa karibu hadi akanyamaza. Alikaa kimya mpaka tulipotoka getini.

Ile pasi ya mwaka ya hifadhi za taifa haikubaliki hapo, maana Custer ni mbuga ya jimbo. Weka kiingilio pembeni. Ukimaliza, shuka kusini kidogo uingie Wind Cave, hifadhi ya taifa yenye pango na baisani pia. Kuingia kwa gari ni bure, unalipia pango tu. Kundi la pale lilianza na baisani 14 walioletwa kwa treni mwaka 1913 kutoka bustani ya wanyama ya Bronx, New York. Wanyama wa nyika, waliookolewa mjini!

Mfikishie mama shikamoo yangu.

Mdau, Fargo
Theodore Roosevelt, upande wa Medora, kuna utulivu na farasi wa mwituni pia. Lakini mimi naandika kwa ajili ya watoto wako. Nimekulia Bunda, nyati nawajua, na bado baisani alinidanganya. Dume lilikuwa linakula majani taratibu kama ng'ombe wa nyumbani. Nikasogea nipige picha. Mkia ukasimama wima. Mke wangu akapiga kelele, nikarudi kinyumenyume hadi garini, miguu inatetemeka. Dume hufika kilo 900 na hukimbia kilometa 55 kwa saa. Sheria ya Yellowstone ni kukaa mita 23 au zaidi. Kwa watoto mimi ningesema wabaki ndani ya gari.

Mdau, Edmonton
Aliye Canada asisahau Elk Island, karibu na mji wetu. Kaskazini mwa barabara kuu kuna baisani wa nyika, kusini wa msituni, ambao ni wakubwa zaidi. Aina zote mbili kwa siku moja.

Mwenye mada
Asanteni sana, ndugu zangu. Ni Custer na Wind Cave, siku tatu. Yellowstone itasubiri mwaka mwingine. Njiani tutapita hifadhi ya Badlands, barabara ya changarawe ya Sage Creek, nako wapo. Mdau wa Fargo, ujumbe wako nimewasomea watoto wote wawili. Mama nimemnunulia darubini, atakaa kiti cha mbele.