Wiki za mwisho za ujauzito: tupeane uzoefu, mlijuaje kuwa huu ndio uchungu wenyewe?

Mama Kijacho
Habari zenu wapendwa. Nina wiki 37 na siku 3, mimba ya kwanza. Tangu juzi tumbo limeshuka. Napumua vizuri na kiungulia kimepungua, ila usiku naamka kukojoa hata mara sita, na nikitembea kinena kinachoma. Jana tumbo lilikaza kama jiwe, likaachia, likakaza tena. Mume wangu akabeba begi, tukaita bajaji. Nesi akanipima, akasema njia bado haijafunguka, turudi nyumbani. Mama yangu yuko mbali, na mama mkwe namwonea aibu kumuuliza haya. Nisimulieni jamani.

Mama Wawili
Pole mdogo wangu, na hongera. Huo ni uchungu wa uongo, na mimi ulinirudisha nyumbani mara mbili. Hauna mpangilio: unakuja, unakaa nusu saa, ukijilaza au ukioga maji ya uvuguvugu unapotea. Wa kweli uliniamsha usiku wa manane. Ulianzia kiunoni nyuma ukazunguka hadi chini ya kitovu. Nikawa naandika saa kwenye daftari: 8:10, 8:22, 8:31, 8:38. Nilitembea, nikalala, haukuniacha. Alfajiri nikaona ute mzito wenye michirizi ya damu. Nilipopimwa njia ilikuwa imefunguka sentimita 4, na saa kumi jioni nikamshika binti yangu.

Shangazi wa Mwanza
Mimi chupa ilipasuka nikiwa naosha vyombo, uchungu sina hata kidogo. Usikae nyumbani kuusubiri. Vaa pedi, angalia rangi ya maji, nenda. Yakiwa ya kijani kimbia, maana mtoto ameshajisaidia tumboni.

Mama Baraka
Naomba msome hii hadi mwisho. Wiki ya 36 miguu ilivimba, nikaambiwa ni kawaida ya wajawazito, na kweli wengi huvimba. Lakini siku ile hata pete ilikataa kutoka kidoleni na uso ulikuwa umejaa. Kichwa kiliuma tangu asubuhi, nikameza panadol mbili, hakikusikia. Jioni nikaanza kuona vimulimuli machoni. Dada yangu alisema ni uchovu, nilale. Jirani, mama mtu mzima, ndiye aliyegoma, akaniingiza kwenye gari kwa nguvu.

Presha ilikuwa 170 kwa 110, na mkojo ulikuwa na protini. Nilichomwa sindano za kuzuia kifafa cha mimba, nikaanzishiwa uchungu usiku uleule. Mwanangu alizaliwa na kilo 2.3, leo yuko chekechea. Nikikumbuka nilivyotaka kulala nalia mpaka leo. Kichwa kisichosikia dawa, maluweluwe, maumivu chini ya kifua upande wa kulia: usisubiri kukuche.

Wifi Mkubwa
Mimi nasemea dawa za kienyeji za kuharakisha uchungu. Wifi yangu alipewa kikombe na watu waliompenda kabisa. Uchungu ulikuja mfululizo bila kupumzika, mfuko wa uzazi ukachanika. Yeye alipona, mtoto tulimzika. Ukipewa, kataa, hata kama anayekupa ni mtu unayemheshimu.

Mama Taji, Mombasa
Tarehe isikutishe dadangu. Ni makadirio ya siku 280 toka siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Yangu ilipita, kliniki wakanifuatilia, wiki ya 41 wakanianzishia. Leso zangu nilikuwa nimezifua na kuzianika mara tatu kwa kusubiri!

Mkunga Mstaafu
Mwanangu, mengi wameshasema. Mimi naongeza mtoto kucheza. Si kweli kwamba wiki za mwisho anatulia. Wewe ndiye unayemjua alivyo. Ukiona amepunguza, au ukitokwa na damu kama ya hedhi, nenda saa hiyohiyo, hata kama jana walikurudisha. Kadi ya kliniki isitoke kwenye begi.

Mama Kijacho
Asanteni sana. Nimesoma yote na mume wangu. Kichwa kilikuwa kinaniuma tangu asubuhi, nikidhani ni jua. Kwa ajili ya Mama Baraka tukaenda zahanati kupima: 118 kwa 76, na mkojo safi. Wifi Mkubwa, poleni sana. Sasa nimelala ubavu wa kushoto, mtoto anasukuma mbavu, na daftari nimeliweka chini ya mto.