Mrejesho: heda ya orodha nyeusi imekubali

Wakuu, nimerudi. Niliuliza jinsi ya kuifanya SpamAssassin (programu ya kuchuja barua taka kwenye seva) ioneshe kwenye heda ya barua pepe, yaani mistari ya taarifa iliyo juu ya barua, ni orodha nyeusi ipi (RBL, orodha ya seva zinazoshukiwa kutuma taka) iliyomnasa mtumaji, badala ya kuniambia tu kwamba barua ni taka.

Kwenye local.cf, faili la mipangilio ya SpamAssassin, nilikuwa nimeandika "add_header all X-Spam-RBL _RBL_". Kosa langu: programu yenyewe hubandika "X-Spam-" mbele ya kila jina unaloipa. Nikabakiza "add_header all RBL _RBL_", nikakagua kwa "spamassassin --lint", kimya, yaani hakuna kosa. Bado heda haikutokea! Nusu siku nakuna kichwa, kumbe sikuwa nimeiwasha upya spamd (sehemu ya SpamAssassin inayofanya kazi muda wote kwenye seva), nayo husoma faili hilo inapoanza tu. Aibu kidogo.

Aliyenishauri niweke "spam" (barua taka pekee) badala ya "all" (barua zote), asante, ila nimeiacha "all" makusudi: barua halali ambayo seva yake imo kwenye orodha fulani ndiyo hasa ninayotaka kuiona.

Mstari wa kubandika onyo kwenye mada (Subject) ya barua taka, "rewrite_header Subject [TAKA?]", haukunisumbua. Wanaopitisha barua kwa Amavis (programu nyingine ya kukagua barua, inayoitumia SpamAssassin ndani yake), mistari hii haitawasaidia. Amavis huandika heda zake yenyewe.