Mpiga besi amehama, na kikundi chetu cha taarabu kinagombana

Mpiga kinanda, Ngamiani:
Assalaam alaykum ndugu zangu. Tuko watu 7 tunaopiga harusini kwa mapenzi tu, na tangu mpiga besi wetu ahamie Dar es Salaam, mwimbaji na mpiga gitaa wanagombania nani alete mrithi wake, hata mazoezi yamegeuka baraza la lawama. Tufanyeje?

Chumbageni:
Mgeni asiletwe na yeyote kati ya hao wawili, kwani ataonekana mtu wa upande. Apige nanyi mazoezi matatu, kisha mpige kura yeye asipokuwepo.

Wa Pangani:
Chunguzeni pia fedha za kutuza. Mwimbaji hutuzwa mbele ya watu ilhali mpiga gitaa, aliyekesha akipanga nyimbo, haonekani. Kwetu tuliweka kapu moja, tukagawana sawa, na kelele zikapungua.

Bi Mkubwa, Makorora:
Kugawanyika si msiba, mwanangu. Lucky Star ilichipuka kutoka Black Star hapa hapa Tanga, na mji ukapata vikundi viwili vya kusikilizwa.

Mpiga kinanda:
Shikamoo Bi Mkubwa. Kapu nitalipeleka mazoezini Jumanne, ingawa mwimbaji atanuna.