Mjadala: Nani anamtuma mwanafunzi kwenye mikutano ya kimataifa ya elimu ya juu?

Wadau, naleta hoja nikiwa na msimamo, na nautaja mapema ili atakayenipinga ajue anapinga nini. Mwanafunzi anayekaa kwenye mkutano wa kimataifa wa elimu ya juu kwa jina la wanafunzi awe ametumwa na chama cha wanafunzi kilichochaguliwa. Apewe maelekezo kabla ya safari, na akirudi awasomee waliomtuma alichosema na kilichoamuliwa. Asiyetimiza hayo aende kama mgeni mwalikwa, hakuna anayemzuia, lakini asiweke saini kwa niaba yetu.

Nasema hivi kwa sababu njia iliyozoeleka sasa ni nyingine kabisa. Tangazo linatoka mtandaoni, unaandika insha, unarekodi video fupi ya kujieleza, mfadhili anachagua. Anayepatikana mara nyingi ni kijana hodari kweli, na wala simlaumu. Lakini muulize amebeba hoja gani kutoka Mlimani (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam), Dodoma au chuo kidogo cha mkoani ambako bumu, yaani fedha ya mkopo ya kujikimu, limechelewa na watu wanakula mlo mmoja. Hana, maana hakuna aliyempa. Atasimulia maisha yake, atapigiwa makofi, watapiga picha ya pamoja. Rasimu ya azimio ilishaandikwa zamani na watu wengine.

Tazama Ulaya ilivyokwenda. Juni 1999 mawaziri wa nchi 29 walikutana Bologna, Italia, wakasaini tamko la kujenga mfumo wa elimu ya juu wenye digrii zinazolingana na krediti, yaani alama za uzito wa masomo, zinazohamishika. Jambo hilo lilimgusa kila mwanafunzi wa nchi hizo, na vyama vyao havikuwekewa kiti. Umoja wa vyama vya wanafunzi vya nchi za Ulaya, wakati huo ukiitwa ESIB na leo ESU, ulijipanga. Machi 2001 walikutana Göteborg, Uswidi, wakaandika msimamo wao, na miezi miwili baadaye wakaingia nao Prague kwenye mkutano uliofuata wa mawaziri. Taarifa ya Prague inawatambua wanafunzi kuwa wanajumuiya kamili wa elimu ya juu. Tena mawaziri wanaandika wazi kwamba suala la hali ya kijamii ya mwanafunzi, yaani nani anamudu kusoma na anaishije akiwa chuoni, lilikumbushwa na wanafunzi wenyewe. Katika tamko la Bologna halikuwa na nafasi yoyote ya maana.

Hapo ndipo tofauti ninayoizungumzia inapoonekana. Tangu wakati huo ESU inakaa kwenye kundi linaloandaa mambo katikati ya mkutano na mkutano. Kura hawana, lakini wanaiona rasimu ikiwa bado rasimu, na hiyo ina thamani kuliko dakika tano za jukwaani. Mwaka 2005, kule Bergen, mawaziri walipopitisha viwango vya ubora, ushiriki wa wanafunzi katika ukaguzi wa nje wa vyuo ukawa sehemu ya viwango hivyo. Haya waliyapata kwa kuwa nyuma ya yule aliyekaa mezani kulikuwa na vyama vya nchi vilivyomchagua, vinavyomletea takwimu na kumhoji akiharibu.

Sasa njooni kwetu. Mei 2017 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walitangaza eneo la pamoja la elimu ya juu, na Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki lenye makao Kampala ndilo lililobeba kazi hiyo. Ndani yake yamo mambo ya mfukoni mwetu. Mrundi anayesoma Dar es Salaam atozwe ada kama mgeni au kama mwenyeji? Aliyesoma miaka miwili Kampala akahamia Eldoret, masomo yake yahesabiwe au aanze upya? Mkataba wa nchi za Afrika wa kutambuliana vyeti ulipitishwa Arusha, hapa hapa nyumbani, mwaka 1981, ukarekebishwa Addis Ababa mwaka 2014. Nitajieni bunge la wanafunzi lililoujadili hata kikao kimoja, nitafurahi sana kusahihishwa.

Najua pingamizi kubwa litakuwa lipi: serikali zetu za wanafunzi zimejaa chawa. Mgombea anachujwa na ofisi ya mshauri wa wanafunzi, kampeni inafadhiliwa na wakubwa wa vyama, akishinda anatafuta safari na posho. Sibishi, na historia yenyewe ni nzito. Mwaka 1978 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliandamana kupinga nyongeza ya marupurupu ya viongozi. Mamia walifukuzwa, chama chao cha DUSO kikapigwa marufuku na nafasi yake ikachukuliwa na MUWATA, chombo kilichofungamana na chama tawala. Kenya nako sheria ya vyuo vikuu ya 2016 iliondoa kura ya moja kwa moja. Wanafunzi wanachagua wajumbe, wajumbe ndio wanaochagua viongozi.

Lakini mbona dawa inayopendekezwa ni kuhamisha uchaguzi kwa mfadhili? Kiongozi mbovu wa wanafunzi naweza kumng'oa, au angalau kumkataa hadharani kwenye mkutano wa wote. Aliyeteuliwa na taasisi ya ng'ambo siwezi kumfanya lolote, kwa kuwa hanidai kura na mimi simdai ripoti. Na kila waziri anayetaka kukwepa wanafunzi wake atamtumia huyo huyo kusema kwamba vijana walishirikishwa.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi kwangu: muda. Kiongozi wa wanafunzi anakaa madarakani mwaka mmoja, na maandalizi ya mkutano mkubwa yanaweza kuchukua zaidi ya huo. Anapoanza kuelewa mafaili, anakabidhi ofisi. Hapa nadhani tunahitaji sekretarieti ya kudumu, kama ESU ilivyo nayo Brussels, inayotunza nyaraka na kumfundisha anayeingia. TAHLISO, umoja wa wanafunzi wa vyuo vya elimu ya juu nchini, ingeweza kuwa nayo kwa Tanzania, na Umoja wa Wanafunzi wa Afrika Nzima pale Accra ungeunganisha nchi na nchi. Fedha zitoke wapi, nawaachia mlioshika hesabu za serikali za wanafunzi.

Suala la viza nalitaja tu. Mikutano ikiendelea kufanyika Paris na Barcelona, tunaowachagua watakwama ubalozini, na anayeweza kusafiri ndiye atakuwa mwakilishi. Waandaaji watoe barua na gharama kwa chama, chama kitaje jina.

Ninapokwama ni hapa, na naomba mnisaidie. Wanafunzi wa vyuo binafsi visivyo na serikali ya wanafunzi yenye uhai watumwe na nani? Na Zanzibar ipate mjumbe wake, au aende mmoja kwa Jamhuri yote? Mlio na uzoefu wa TAHLISO au vyama vya Kenya na Uganda, anzeni.